Mazungumzo ya Jamaa: Kimya cha Njia ya Cluny

Kwetu mtu akijaliwa kununua motokari, baisikeli yake humpa mdogo wake, au huiuza sokoni. Mwenye kinga anatamani pikipiki, na mwenye pikipiki anatamani motokari. Ndivyo tunavyozoea kupanda ngazi. Basi mtashangaa nikiwaambia kwamba huko Ufaransa wapo watu wenye motokari nzuri ambao, likizo ikifika, huiacha imefungiwa nyumbani, hupanda baisikeli, na kuzunguka nchi siku kumi au kumi na tano, wakipiga kanyagio tangu asubuhi hata jioni. Hakuna anayewalazimisha. Hawana gunia la mahindi la kufikisha sokoni. Hawashindani na mtu, wala hawangoji zawadi. Ukiwauliza wanakwenda wapi, hutaja mji fulani. Ukiwauliza kwa nini, hucheka tu.

Msiwachanganye hao na wale washindani hodari ambao habari zao husikika kila mwezi wa saba katika Tour de France. Hawa ni wasafiri. Mtu anayehesabiwa kuwa baba yao ni Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 akafa mwaka 1930, mwenyeji wa mji wa Saint-Étienne. Katika gazeti aliloanzisha mwaka 1887 aliandika kwa jina la Vélocio, akiwafundisha wenzake hekima ya njia: mtu ale kabla njaa haijamshika, anywe kabla ya kiu, asijichoshe hata kukosa hamu ya chakula na usingizi, na hasa asipige kanyagio kwa ajili ya majivuno. Tena alizitetea gia, zile zinazompunguzia mtu uzito wa mlima. Watu wengi walimcheka, wakisema gia ni za wazee na wagonjwa. Hata wakubwa wa Tour de France walizikataa, wasiziruhusu ila mwaka 1937. Leo, mlimani, nani angezikataa?

Kwanza mchezo huo ulikuwa wa watu wenye nafasi. Mwaka 1936 sheria ya Ufaransa iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Ndipo wafanyakazi wa viwanda, ambao wengi hawakuwa wameiona bahari, walipotoka mijini kwa maelfu, wengine kwa treni, wengine kwa baisikeli. Mume mbele na mke nyuma juu ya baisikeli moja ya viti viwili, na hema limefungwa kwa kamba. Kwa hiyo safari hiyo si anasa tu ya matajiri. Ndani yake imo haki ya mtu maskini kupumzika na kuitazama nchi yake.

Mimi mwenyewe nilijaliwa kusafiri namna hiyo siku kadhaa, katika mwezi wa Juni, pamoja na mwalimu mmoja Mfaransa. Kwa kuwa amenipita miaka ishirini, nilimwita Mkubwa, naye akaniita Ndugu. Sitawasimulia safari yote. Nitawasimulia siku moja tu, ya sita, tulipotoka Chalon-sur-Saône kwenda Cluny, katika jimbo la Bourgogne. Ni kilometa 50 na kidogo zaidi. Mtu mwenye motokari huzimaliza kabla ya saa moja kupita. Sisi zilitutosha kutwa nzima.

Tuliondoka mapema, umande ungali juu ya majani. Kila mmoja alikuwa na mifuko miwili imening’inia ubavuni mwa gurudumu la nyuma: nguo chache, koti la mvua, pampu, viraka na gundi, mkate na jibini. Chupa mbili za maji zilifungwa kwenye vyuma vya katikati. Mkubwa alipima mzigo wangu kwa mkono, akatoa kitabu kimoja kinene, akakitia katika mfuko wake mwenyewe. Akasema, “Ndugu, katika safari hii utakumbuka kila kilo uliyobeba.”

Kabla ya kuuacha mji alinionyesha sanamu ya Nicéphore Niépce, aliyezaliwa hapo Chalon mwaka 1765. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuunasa mwanga na kuuhifadhi, ndiyo maana leo tuna picha za wazee wetu ukutani. Lakini nilikuwa sijui kwamba Niépce aliipenda pia baisikeli, au tuseme bibi wa baisikeli. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na kanyagio wala mnyororo; mtu alikaa juu yake akakisukuma kwa kupiga miguu chini. Mwaka uliofuata Niépce alijitengenezea chake, akakitilia kiti kinachoweza kupandishwa na kushushwa. Nikafikiri: mtu yule yule aliyetaka kuisimamisha picha ya dunia isipotee, alitaka pia kuipita dunia kwa mwendo wa kuweza kuiona. Labda hamu hizo mbili ni moja.

Kutoka Givry, mji mdogo wa mashamba ya mizabibu, njia yaacha barabara ya motokari. Hapo ndipo ilipoanza, mwaka 1997, njia ya kilometa 44 hata Cluny, iliyotengwa kwa waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Ni miongoni mwa njia za kwanza za namna hiyo katika Ufaransa. Ni pana kiasi cha watu wanne kwenda sambamba, imelainishwa vizuri, na yapita kati ya mizabibu, kisha katika vichaka na malisho ya ng’ombe weupe waitwao Charolais. Jambo lililonistaajabisha ni kwamba, ingawa vilima vilituzunguka kila upande, njia haikupanda kwa ukali hata mara moja. Ilikatiza kilima mahali pamoja, ikajazwa udongo bondeni mahali pengine, ikazunguka polepole kama mtu mwenye busara anayeepuka ugomvi.

Nilimwuliza Mkubwa ni fundi gani aliyekuwa na huruma hivyo kwa miguu ya watu. Akacheka, akasema, “Hakuwahurumia watu, Ndugu. Aliwahurumia mainjini. Hii ilikuwa njia ya treni.”

Ndivyo ilivyo. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza penye mwinamo mkali. Kwa sababu hiyo mafundi wa karne ya 19 walipasua vilima na kujaza mabonde ili treni ipande kidogo kidogo. Treni hiyo ilichukua divai, mawe, mifugo, wanafunzi na askari. Baadaye zikaja motokari na malori, abiria wakapungua, kampuni ikahesabu hasara, treni zikakoma, reli zikang’olewa. Ikabaki njia tupu katikati ya mashamba. Vituo vingine vya zamani vingali vimesimama, vingine vimegeuzwa nyumba za watu. Twapita mbele yake, lakini hakuna tena anayengoja.

Tulipopita Buxy gurudumu langu la mbele lilitoboka. Mwiba, hakuna jambo kubwa. Tukaketi chini ya mti, tukatoa mpira wa ndani, tukautia maji kutafuta mahali panapotoa mapovu, kama mafundi wetu wanavyofanya kando ya barabara za Bukavu na Lubumbashi. Nilipoushika ule mpira mwembamba mkononi, nikakumbuka habari ambayo kila Mkongo mwenye kushika mpira wa baisikeli yafaa aikumbuke.

Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alifunga mpira uliojazwa hewa kwenye baisikeli ndogo ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Mwaka 1891 ndugu Michelin, huko Clermont-Ferrand, wakaleta mpira unaoweza kuvuliwa na kuzibwa kwa urahisi. Kabla ya hapo baisikeli ilitikisa mifupa. Sasa ikawa laini, na Ulaya na Marekani nzima zikaitaka. Wakahitaji mpira mwingi mno. Na wakati ule ule nchi yetu ilikuwa mkononi mwa mfalme Léopold II. Misitu yetu, hasa ile ya Équateur, ilikuwa imejaa mitambaa yenye utomvu wa mpira. Mnajua yaliyofuata: wanaume wakasukumwa msituni, wake zao wakashikwa rehani mpaka vikapu vijae, vijiji vikachomwa, mikono ikakatwa. Mwaka 1908 nchi ikaondolewa mikononi mwa mfalme, ikawa koloni la Ubelgiji.

Sikumweleza Mkubwa hayo ili kumhukumu. Yeye hakuwapo, wala babu yake hakukata mkono wa mtu. Lakini alikuwa amesema, alipokuwa akipaka gundi, kwamba baisikeli ni chombo kisicho na dhambi, kwa kuwa hakili mafuta wala hakitoi moshi. Nikaona haki yadai aambiwe. Alinyamaza kitambo kirefu, kiraka kikakauka mkononi mwake. Kisha akasema, “Basi hata wepesi huu umelipiwa na watu.” Nami nikajibu, “Ndiyo, Mkubwa. Nao hawakuendesha hata siku moja.” Tukaujaza mpira hewa, tukaondoka. Kwa muda wa kilometa kadhaa hatukusema neno, na hakuna aliyemkasirikia mwenziwe.

Adhuhuri ilitukuta Saint-Gengoux-le-National, mji mdogo wa kale wenye nyumba za mawe ya rangi ya asali. Tulikula mkate na jibini la mbuzi karibu na chemchemi. Njiani tulikuwa tumepita vijiji vingi, na kila mahali Mkubwa alisema maneno yale yale: kimya gani hiki! Kweli kilikuwa kimya cha ajabu. Ulisikia nyuki, ulisikia mnyororo wako mwenyewe. Madirisha mengi yalikuwa yamefungwa, saa sita ya mchana.

Mzee mmoja mwenye fimbo alikuja kuketi karibu nasi. Alitaka kujua tunatoka wapi, na aliposikia Kongo alivua kofia, akasema kwamba katika ujana wake hakumwona mgeni wa mbali isipokuwa katika treni. Mkubwa akamsifia utulivu wa nchi yake. Yule mzee akatikisa kichwa.

“Bwana,” akasema, “ninyi wapita njia mnakipenda kimya chetu. Mimi nazikumbuka kelele. Mhunzi alipiga nyundo pale. Watoto walitoka shuleni wakipiga mayowe. Treni ililia mara nne kila siku, nasi tulijua saa kwa sauti yake. Kimya hiki hatukukitafuta. Kilibaki baada ya wengine kuondoka.”

Hakusema zaidi. Alituonyesha njia, akatutakia safari njema.

Wasomaji wapenzi, maneno hayo yalinifungua macho kwa saa zote zilizobaki. Kwanza nilitazama nguzo za kumbukumbu za vita, zilizo karibu katika kila kijiji cha Ufaransa, hata kidogo namna gani. Vita vya 1914 hata 1918 viliwaua Wafaransa zaidi ya milioni moja na laki tatu, wengi wao wana wa wakulima. Ukisimama mbele ya nguzo na kuyasoma majina, waona jina la jamaa moja likirudiwa mara mbili, mara tatu: ndugu na ndugu. Kuna vijiji ambako majina yaliyo juu ya jiwe yawazidi watoto wanaocheza leo. Aendaye kwa motokari huiona nguzo hiyo kama jiwe tu. Aendaye kwa baisikeli hushuka kunywa maji, na akinywa, husoma.

Vita havikufanya kazi hiyo peke yake. Baada ya vita vya pili, karibu mfanyakazi mmoja katika kila watatu wa Ufaransa aliishi kwa kazi ya shamba. Leo hawafiki watano katika kila mia. Trakta ilichukua nafasi ya watu kumi; kiwanda na ofisi viliwaita vijana mjini. Hakuna aliyewafukuza. Mmoja aliondoka kwa sababu nzuri, na wa pili naye kwa sababu nzuri. Watoto walipopungua, shule ikafungwa. Shule ilipofungwa, wenye watoto wadogo wakahama. Wanunuzi walipopungua, mwoka mikate akafunga duka, kisha posta, kisha treni. Kengele ya kanisa ingali inapiga saa, lakini padri mmoja huweza kutunza makanisa ishirini, na Misa hufika kijijini kwa zamu, mara chache. Hivyo ndivyo kimya kinavyojengwa: si kwa siku moja, wala kwa kosa la mtu mmoja.

Alasiri tulipita Cormatin, penye jumba la fahari la mwanzo wa karne ya 17 lililozungukwa na maji, kisha tukapita chini ya kilima cha Taizé. Hapo palikuwa na kelele! Kijiji hicho kilikuwa kimeanza kufa kama vingine mwaka 1940, kijana mmoja kutoka Uswisi, Ndugu Roger, alipokuja kununua nyumba humo na kuwaficha wakimbizi wa vita. Baadaye wenzake wakamfuata, wakaishi pamoja kwa sala na kazi, watu wa makanisa mbalimbali. Ndugu Roger aliuawa mwaka 2005 wakati wa sala ya jioni, lakini vijana wa mataifa mengi, na Waafrika miongoni mwao, wangali wanakuja kila kiangazi kwa maelfu. Tulikutana nao njiani na mabegi mgongoni, wakiimba ovyo. Mkubwa, mpenda kimya, aliwasalimu kwa furaha kama mtu aliyepata maji.

Tulifika Cluny jua likiwa limeinama. Jina hilo nilikuwa nimelisoma seminarini katika historia ya Kanisa: monasteri iliyoanzishwa mwaka 910, iliyotawala mamia ya nyumba za watawa katika Ulaya yote. Kanisa lake kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilikuwa na urefu wa meta 187, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro huko Roma. Niliyoyakuta ni mnara mmoja mkubwa na mabaki machache. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa majengo yaliuzwa, na kwa miaka mingi watu waliyachimba kama machimbo ya mawe. Sehemu iliyosimama leo haifiki hata moja ya kumi. Mawe mengine bila shaka yamo katika kuta za nyumba tulizozipita mchana, tukizisifu kwa uzuri wake.

Mkubwa akanionyesha bonde lililo karibu na mji. Hapo hupita ile treni mpya ya mwendo mkali, iliyofunguliwa mwaka 1981, itokayo Paris kwenda Lyon kwa kilometa 300 kwa saa. Ilipita tukiwa tumesimama: mvumo, mstari mweupe, basi. Ndani yake walikuwamo mamia ya watu. Sidhani kama mmoja wao aliuona mnara, au nguzo ya majina, au yule mzee mwenye fimbo. Siwalaumu, wana kazi zao, nami pia nilirudi Paris kwa treni hiyo hiyo. Lakini niliona kwamba nchi ile ile moja yaweza kupitwa kwa saa mbili bila kusomwa hata mstari.

Hilo ndilo nililojifunza kwa miguu yangu, nami nawaachia. Mwendo wa polepole haumfanyi mtu kuwa mtakatifu, lakini humpa nafasi ya kuuliza: jambo hili zuri ninalolifurahia, nani alililipia? Njia iliyo laini ililipiwa na wachimbaji wa reli. Gurudumu lililo jepesi lililipiwa na babu zetu. Kimya kitamu cha mchana kililipiwa na kijiji kizima. Mtu anayeuliza hivyo hawi mwenye huzuni daima. Anakuwa mwenye shukrani, na tena mwenye haya kidogo, nayo haya ni mlinzi mwema.

Nasi tunaona vijana wetu wakishika njia ya Kinshasa, ya Goma, ya Lubumbashi, kila mmoja kwa sababu nzuri. Siwaambii wazazi wawafunge kamba. Nawaomba tu, mnapohesabu mali ya kijiji, msihesabu mabati na mifugo peke yake. Hesabuni pia shule inayofunguliwa kila asubuhi, duka dogo linalouza chumvi, fundi wa kinga kando ya njia, kwaya inayofanya mazoezi jioni. Kimoja kikiondoka, hakiondoki peke yake. Mnunue chumvi hapo hapo, ingawa mjini bei ni nafuu kidogo. Mwalimu asiye na nyumba mjengeeni, asije akahama.

Na jioni hii, watoto wakipiga kelele nje ya nyumba, msiharakishe kuwanyamazisha.